Wazee wetu na mtihani wa uraia Marekani: msaada gani upo, na unakosekana wapi

Toka tarehe 20 Oktoba 2025, mtu anayepeleka ombi la uraia wa Marekani anakutana na mtihani mrefu kuliko ule waliofanya ndugu zake waliomtangulia. Mbele ya hapo, orodha ya kujifunza ilikuwa na maswali 100 juu ya historia na serikali ya inchi ile. Ofisa aliuliza mpaka maswali 10, na aliyejibu 6 alipita. Sasa orodha ina maswali 128, ofisa anauliza mpaka 20, na lazima kujibu 12. Akikosea 9, mtihani unasimama hapo. Sehemu ya Kiingereza imebaki ilivyokuwa: kusoma sentensi, kuandika sentensi, na kujibu kwa mdomo maswali juu ya maisha yako na makaratasi uliyojaza.

Habari hii ni ya mbali, lakini ni ya kwetu. Katika mwaka wa 2016 wakimbizi Wakongomani waliopokelewa Marekani walipita 16,000, na katika mwaka wa kiserikali ulioisha Septemba 2024 walikuwa karibu 20,000, mpaka mlango ulipofungwa Januari 2025. Walitoka Nyarugusu, Kiziba, Gihembe, Nakivale, Kyangwali na kambi za Burundi. Wengi wao ni watu wa Fizi, Uvira, Minembwe, Masisi na Rutshuru. Ni vigumu kupata kanisa la mahali katika Kivu lisilo na mama ao mzee wa kanisa ambaye leo anaishi Louisville, Des Moines, Phoenix ao Houston. Na maswali yanayotufikia toka kule yanafanana: mama hajasoma, baba anasahau, nyanya hasikii vizuri, je, kuna msaada?

Msaada upo. Lakini mara nyingi swali lenyewe linakuja limechanganya mambo matatu ambayo sheria ya Marekani inayatenga kabisa: ulemavu, uzee, na kutokujua kusoma. Familia inaomba moja wakati inahitaji lingine, na ombi linarudi limekataliwa.

Tuanze na msaada wa kufanyia mtihani. Sheria ya mwaka 1973 juu ya watu wenye ulemavu inazilazimisha biro za serikali kumtengenezea mtu mazingira yanayomfaa. Kwa hiyo asiyesikia anaweza kupewa mtafsiri wa lugha ya ishara. Asiyeona vizuri anaweza kupewa maandishi makubwa ao ya Braille. Anayechoka haraka, ao ambaye mawazo yake yanapotea akiharakishwa, anaweza kuongezewa muda na kupewa mapumziko. Mzee asiyeweza kutoka kitandani anaweza kufuatwa na ofisa nyumbani ao hospitalini. Ombi hili halilipiwi, linafanywa kwa intaneti ao kwa simu, na linafaa lifanywe mapema, si asubuhi ya mtihani mlangoni pa biro. Tuongeze neno moja juu ya viziwi wetu: kijana aliyekulia kambini bila shule ya viziwi anajua ishara za nyumbani kwao tu, hajui lugha ya ishara ya Marekani. Ni lazima familia iseme hivyo katika ombi, vinginevyo ataletewa mtafsiri ambaye hawaelewani.

Msaada huu wa kwanza haubadilishi mtihani. Maswali ni yale yale, Kiingereza ni kile kile. Nyanya anayeongezewa saa moja ili aandike sentensi ya Kiingereza, naye hajawahi kushika kalamu, ameongezewa saa ya kukaa.

Wa pili ni kusamehewa. Toka mwaka 1994 sheria inasema kwamba mtu mwenye ulemavu wa mwili ao wa akili unaomzuia kujifunza anaweza kusamehewa Kiingereza, ao maswali ya historia na serikali, ao vyote viwili. Karatasi yake inaitwa N-648. Inajazwa na munganga mwenye ruhusa ya kazi Marekani, ao mtaalamu wa magonjwa ya akili na saikolojia mwenye ruhusa hiyo. Ugonjwa lazima uwe umedumu miezi 12 ao unatazamiwa kudumu muda huo. Na munganga hatakiwi kuandika jina la ugonjwa tu. Anapaswa kueleza namna gani ugonjwa huo unamzuia mtu huyu kujifunza lugha ao kushika maswali kichwani.

Hapo ndipo karatasi nyingi zinaanguka. Sukari na presha ya damu, ambazo karibu kila mzee anazo, hazimzuii mtu kujifunza mpaka munganga aonyeshe zimefanya nini katika ubongo wake. Uzee peke yake haukubaliwi. Kutokujua kusoma peke yake hakukubaliwi. Mwezi wa Juni 2025 idara ya uraia na uhamiaji ilitoa maagizo mapya yanayowataka maofisa wazikague karatasi hizi kwa ukali zaidi, maana wanaziogopa zile za uongo. Na ofisa akiikataa, mzee anaombwa kufanya mtihani kama wengine, siku hiyo hiyo. Akishindwa, ataitwa mara ya pili kati ya siku 60 na 90. Akishindwa tena, ombi linakataliwa. Anaweza kuomba kusikilizwa upya, ao aanze tena na alipe tena. Toka Aprili 2024 bei ya ombi ni dola 760 kwa karatasi na 710 kwa intaneti, ingawa maskini wanaweza kupunguziwa mpaka 380 ao kusamehewa yote.

Tunataka kukaa kidogo katika chumba cha munganga, kwa sababu sisi wa Mashariki tunajua wanaoingia mle wamebeba nini. Vita iliyoanza 1996 iliwapitia watu hawa miilini. Wako waliopigwa kichwani. Wako waliookoka Gatumba usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, ambako watu zaidi ya 150 waliuawa katika kambi, na wengi wa waliookoka walipelekwa baadaye Marekani. Wako mama waliotendewa mambo ambayo hospitali ya Panzi, Bukavu, imeyatibu kwa miaka zaidi ya ishirini, na ambayo dunia ilianza kuyasikiliza vizuri Daktari Denis Mukwege alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Mtu aliyepitia hayo anaweza kukaa darasani mwaka mzima bila neno moja kushika. Halali usiku, anashtuka mlango ukigongwa, anasahau alichoambiwa asubuhi. Waganga wanaujua ugonjwa huo, una jina, na unaweza kabisa kuandikwa katika N-648.

Lakini munganga ataujuaje? Mama anaingia kwake na mtafsiri. Mara nyingi mtafsiri ni mwana wake wa miaka 17, ao kijana wa kwaya. Mama atasema nini mbele ya mwana wake? Atasema anaumwa magoti. Na munganga ataandika magoti. Hospitali nyingi za Marekani zina wajibu wa kumpatia mgonjwa mtafsiri bila malipo, hata kwa simu, na mama ana haki ya kuomba awe mwanamke, asiye wa kabila lake ao wa kanisa lake kama anataka hivyo. Tena aulizwe lugha gani. Kiswahili cha Dar es Salaam kinamchosha mama wa Fizi ambaye machungu yake yako katika Kibembe, sawa na mama wa Minembwe mwenye Kinyamulenge ao wa Lemera mwenye Kifuliiru. Ambaye alitibiwa Panzi ao hospitali nyingine ya kwetu, karatasi za zamani zinaweza kumsaidia munganga wa kule kuona kwamba ugonjwa haukuanza juma lililopita. Hilo ni jambo ambalo ndugu waliobaki hapa wanaweza kulitafuta.

Msaada wa tatu ni wa umri, na ndio unaozungumziwa sana katika makundi ya WhatsApp, kwa furaha isiyo na hesabu. Mwenye miaka 50 ambaye amekaa Marekani miaka 20 akiwa na makao ya kudumu, ao mwenye miaka 55 aliyekaa 15, hafanyi Kiingereza. Anajibu maswali kwa lugha yake, na mtafsiri wake pembeni. Mwenye miaka 65 aliyekaa 20 anajifunza maswali 20 tu yaliyowekewa alama, anaulizwa 10, akijibu 6 amepita. Ni neema kubwa. Sasa tufanye hesabu.

Chukua mama aliyefika mwaka 2016 akiwa na miaka 63. Kwa mkimbizi, miaka inahesabiwa toka siku aliyoingia, kwa hiyo mwaka 2021 angeweza kuomba uraia. Mwaka 2018 alifikisha miaka 65 na akaanza kupata SSI, feza ya kila mwezi ambayo serikali inawapa wazee na wenye ulemavu wasio na mapato. Mwaka 2025 kiasi cha juu cha serikali kuu kwa mtu mmoja kilikuwa dola 967. Lakini sheria iliyobadilishwa mwaka 1996 na 1997 inampa mkimbizi asiye raia msaada huo kwa miaka saba tu, ikihesabiwa toka alipoingia, hata kama alianza kuupokea kwa kuchelewa. Kwa mama huyu, miaka saba inaishia 2023. Msamaha wa Kiingereza kwa umri utamfikia mwaka 2031, akiwa na miaka 78. Ule wa maswali 20 utamfikia 2036, akiwa na 83.

Kati ya 2023 na 2031 kuna miaka minane. Katika miaka hiyo mama hana SSI kwa sababu si raia, na si raia kwa sababu hawezi kuandika sentensi ya Kiingereza. Kodi ya nyumba inamwangukia mwana anayefanya kazi ya usiku katika kiwanda cha nyama. Baadhi ya majimbo yana msaada wao wenyewe wa kuziba pengo, mengi hayana. Wabunge waliotunga sheria ya miaka saba walijua kwamba ombi la uraia linawezekana baada ya miaka mitano, na bila shaka walifikiri miaka miwili inayobaki inatosha. Inatosha kwa mtu aliyesoma. Kwa aliyetumia utoto wake shambani Itombwe na utu uzima wake kambini, haitoshi, na hakuna sehemu ya sheria inayomtazama yeye. Si mlemavu, hajakaa miaka ya kutosha, hajui kusoma. Amebaki katikati.

Si lazima iwe hivyo. Kanada inawapa mtihani wenye miaka 18 mpaka 54 tu, mwenye 55 haulizwi. Uingereza inawaachilia wenye 65. Australia inawaachilia wenye miaka 60 na zaidi, na kwa asiyesoma vizuri ina namna ya mtihani ambamo ofisa anamsomea maswali. Inchi hizo hazikuanguka kwa sababu nyanya fulani hakujua tarehe ya katiba. Kwa upande wetu tunaona sheria ya Marekani ni ngumu mno mahali hapa, na wanaoweza kuwaandikia wabunge wao, yaani ndugu zetu waliokwisha kuwa raia, wana sauti ambayo sisi hatuna.

Kuna kitu kidogo katika kanuni ambacho wachache wanakijua. Ofisa ameagizwa, anapochagua maswali, anapoyatamka na anapoyapima majibu, kufikiri juu ya umri wa mtu, elimu yake, maisha aliyotoka, muda aliokaa na bidii aliyoifanya. Anaweza kurudia swali, anaweza kulisema kwa maneno mepesi. Kwa hiyo mama akija na barua ya mwalimu inayoonyesha kwamba amehudhuria darasa miaka miwili, barua hiyo si kitu bure. Haimpi haki ya kupita. Inamweleza ofisa ni nani ameketi mbele yake.

Ndiyo maana tunafikiri kazi kubwa zaidi ya makanisa ya Wakongomani kule ni darasa, tena darasa la aina nyingine. Madarasa mengi ya uraia yanamkabidhi mtu kitabu. Mtu asiyesoma hawezi kuanza na kitabu. Lakini mama zetu wanashika nyimbo mia moja kichwani, aya zote, bila kuzikosea, na hakuna aliyewahi kuwaonyesha maandishi yake. Maswali 128 yanaulizwa kwa mdomo na yanajibiwa kwa mdomo. Yanaweza kufundishwa kwa kuitikiana, maswali matatu kila juma, na mjukuu akayarekodi katika simu. Sehemu ya kusoma na kuandika ni ngumu zaidi, ila nayo ina mpaka: maneno yanayotumika yako katika orodha fupi inayojulikana, na mtu anapewa nafasi tatu za kusoma sentensi moja sawasawa, na tatu za kuandika. Huanza na kushika kalamu. Ni kazi ya miaka miwili ao mitatu, na inapaswa kuanza mwaka mama anapofika, si mwaka wa tano.

Njia fupi ipo pia, na tunaijua. Kuna watu wanaopita katika jumuiya wakisema wana munganga anayetia sahihi N-648 kwa mtu yeyote, kwa dola mia kadhaa. Karatasi yenyewe haina malipo yoyote kwa serikali. Anayepata uraia kwa uongo anaweza kunyang'anywa hata baada ya miaka mingi, na mwenye kuumia zaidi ni mama wa jirani, yule aliyepigwa kichwa kweli, ambaye karatasi yake ya haki inasomwa na ofisa aliyekwisha kuchoka na za uongo.

Upande wa huku kwetu jaribu linakuja kwa sura nyingine. Katika kambi wengi waliandikwa kuzaliwa tarehe 1 Januari ya mwaka uliokadiriwa tu na mwandikaji. Wako wazee waliopunguziwa miaka saba ao kumi bila kujua, na sasa miaka hiyo ina bei. Kwa hiyo ujumbe unamfikia mchungaji: tutumie cheti cha ubatizo kinachoonyesha mama alizaliwa 1948. Kama daftari la kanisa lipo, na jina limo, kutoa nakala yake ni huduma nzuri. Kubadili tarehe katika makaratasi ya Marekani ni vigumu, lakini bila ushahidi wa zamani haiwezekani kabisa. Kama daftari liliungua ao liliibiwa, kama ilivyotokea mahali pengi toka 1996, mchungaji anaweza kuandika kwamba liliungua. Anaweza kuandika anachokumbuka na kusema ni kumbukumbu. Cheti kipya chenye tarehe ya kuagizwa kitamtia yule mama katika hatari kubwa kuliko aliyokuwa nayo.

Liko na swali la kiapo. Mtu anayepita mtihani anaapa, na katika kiapo anaacha utii kwa inchi nyingine. Ambaye akili yake haiwezi kuelewa kiapo, sheria ya mwaka 2000 inaruhusu asamehewe nacho, na mtu wa familia anasimama kwa ajili yake. Lakini kwa upande wa Kongo, Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Anayeuchukua wa Marekani anaupoteza wa kwetu, ingawa sheria ya 2004 inaweka njia ya kuurudisha. Watoto wanapaswa kumweleza mzee jambo hili wazi mbele ya siku ya kiapo. Kwa wale ambao uraia wao wa Kongo ulibishaniwa miaka mingi na hata kuwafukuza katika vijiji vyao, neno hilo lina uchungu wake. Wako wazee ambao, wakielezwa, watasema hawataki. Ni haki yao, na familia itafute njia nyingine ya kulipa kodi.

Wengine watataka, na kwao miaka imekwisha kuanza kuhesabiwa. Wale karibu 20,000 wa mwaka wa kiserikali wa 2024 wataanza kufikia haki ya kuomba mwishoni mwa 2028 na katika 2029. SSI ya wazee wao itasimama kati ya mwisho wa 2030 na Septemba 2031.